Kigae cha Maji ya Nyuki

Watu huja kwangu na maswali ya nyuki kutwa nzima. Mzinga wangu umehamwa, kwa nini? Kwa sababu uliuacha ukaingiwa na nondo, nawe ukawa unapita chini yake kila siku bila hata kuinua shingo. Mbona waliniuma mimi wakamwacha mwenzangu? Kwa sababu ulikwenda umelewa, na nyuki hawampendi mlevi kama mimi nisivyompenda. Kamba imekatika nikiwa juu, nifanyeje? Shukuru Mungu umekuja kuuliza kwa miguu yako mwenyewe. Wakisikia majibu hayo hucheka, wakidhani bibi anatania. Sitanii hata kidogo.

Swali moja tu ndilo linalonipandisha hasira. Hapa Chilangala, kila mwenye mizinga siku hizi huweka chombo cha maji uani ili nyuki wanywe. Ni jambo jema, hata mabwana shamba wanalifundisha. Kwangu hakuna chombo hicho. Mimi maji ya nyuki wangu huyapeleka mbali, kwenye mteremko, mahali pasipo na nyumba wala njia ya mtu, na nikiulizwa kwa nini najitesa hivyo na umri huu, huwa namfukuza aliyeuliza. Mjukuu wangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kusoma na kuandika nikiwa tayari na mvi, ameniambia niandike basi, niache kugombana na watu. Naandika mara moja, na mtu asiniulize tena.

Nyuki nilifundishwa na mjomba wangu, ndugu wa mama wa tumbo moja. Kwetu mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake, na wangu alikuwa na sauti na mkono pia. Hakuwa na mpwa wa kiume wa kumrithisha mizinga, maana mama alinizaa mimi peke yangu, kwa hiyo alinipandisha mitini mimi mwanamke, watu wakasema weee mpaka wakachoka. Alinifundisha kwa mpini wa tezo, kile chombo chake cha kuchongea mizinga. Nikiacha kamba ya kupandia kwenye vumbi, mpini. Nikisahau kuisugua majivu ili mchwa wasiitafune, mpini. Mzinga mpya, alisema, haupandi mtini mpaka ufukizwe ndani, upakwe nta ya zamani iliyoyeyushwa, na nyufa zizibwe, mpaka unuke nyumba ya nyuki na usinuke tena mti uliokatwa. Kienge, yaani ule mwenge wa nyasi kavu na magome tunaowafukizia nyuki moshi, alitaka kisokotwe kwa nguvu ili kifuke polepole bila kutoa mwali.

Niliwahi kusokota kimoja legelege. Kilishika moto kweli nikiwa juu ya mti, kikaunguza masega pamoja na majana, wale watoto wa nyuki waliokuwa bado wamelala ndani ya masega, na nyuki wakanishukia usoni. Nilifika chini siwezi kufumbua macho. Mjomba alinipiga kwanza, ndipo akaanza kuning'oa miiba, mmoja mmoja, kwa kucha.

"Ungeniulia mzinga," alisema. Hakusema ungejiua.

Nilimpenda mtu yule kuliko nilivyompenda mtu mwingine yeyote, na nalisema hilo wazi ili lieleweke tangu sasa.

Jambo jingine la kueleweka ni kwamba huku kwetu juu hakuna maji. Mtu mgeni huku kwetu Newala hawezi kujua uzito wa maneno hayo. Mvua ikinyesha, mchanga unaimeza yote. Mto hakuna, kisima hakuna. Wakati ule wanawake tuliteremka genge lote, ule ukingo mkali wa nchi yetu ya juu, mpaka kwenye chemchemi ya bondeni, tukapanda tena na mitungi kichwani, na asubuhi yote ikawa imekwisha. Kiangazi kikikaza na maua yakiisha, nyuki nao huwa na kiu, na wakikosa maji huyatafuta kwa watu. Huingia mitungini. Hutua kwenye nguo zilizofuliwa, kwenye pembe za macho ya mtoto aliyelala, kwenye titi la mama anayenyonyesha. Ukiwapunga wanauma, na mmoja akishauma wenzake wote wanaifuata harufu ya ule mwiba. Mtoto mchanga wa jirani yetu alikufa hivyo, mdomo umejaa maziwa na nyuki, na mama yake alinyoa kichwa akakaa miezi hasemi na mtu.

Kwa hiyo nyumbani kwetu ilikuwa desturi: mtungi ukituliwa, kata ya kwanza ya kuchotea maji ni ya nyuki. Mama alikuwa na kigae, kipande kikubwa cha chungu kilichovunjika. Alikijaza maji, akapanga vijiti juu yake ili nyuki wapate pa kusimama wasizame, akakiweka mbali na mlango. Nyuki walikwenda kunywa huko wakatuacha tukae kwa amani. Hata siku ambazo sisi wenyewe tulilala na kiu, kigae kilikuwa na maji. Mama hakuwa tena na haja ya kufikiri, mkono ulikuwa unakwenda wenyewe.

Mume wangu alitoka bondeni, Lisekese, upande wa Masasi. Alikuwa Mmakua, mrefu, mcheshi, na mwoga wa nyuki kupita kiasi. Aliponioa alikuja kukaa kwetu kama ilivyokuwa ada, na mjomba akampa kazi ya kuchonga mizinga kwa kuwa mtini alikataa kata kata kupanda. Tulikuwa bado hatujajaliwa mtoto. Siku hizo Mdachi, yaani Mjerumani, alikuwa ameshatukalia, na akida wake alikuwa akituma askari kukamata watu wa kubeba mizigo na kulima barabara. Aliyechelewa alilazwa kifudifudi akapigwa kiboko mpaka ngozi ikaachia.

Walimkamata mume wangu siku aliyokwenda kwao kumzika baba yake. Walimvua nguo mbele ya wadogo zake, mbele ya shangazi zake, wakamlaza chini kando ya kaburi bichi. Alirudi kwangu hawezi kukaa. Mimi ndiye niliyempaka asali mgongoni na matakoni, kwa kuwa asali ni dawa ya jeraha, na kila nilipomgusa alitukana watu ambao hawakuwepo.

Basi habari za dawa zilipofika, za yale maji ambayo mtu akinyunyiziwa risasi zinageuka maji, nilijua nimeshamkosa. Mjomba alimkuta anaufunga upinde wake ndani ya mkeka.

"Mkwe wangu," alimwambia, "mimi nimetafuta dawa ya kuzuia mwiba wa nyuki maisha yangu yote. Nimejaribu majani, nimejaribu majivu, nimejaribu dua. Bado naumwa. Leo unaniambia yuko mtu amepata dawa ya kuzuia risasi?"

"Mjomba, wewe hukupigwa."

"Nitapigwa tu. Ndiyo maana nataka uwepo, unipake asali."

Nilimbembeleza, nilimtukana, nilimfichia upinde. Alikwenda. Na sitaki mtu aje hapa kuniambia kwamba alikuwa mjinga. Alikuwa amevuliwa nguo mbele ya shangazi zake, na mtu wa kwanza aliyemwambia kwamba mambo hayo yatakwisha alikuwa ameshika maji mkononi. Angeshika mawe, mume wangu angemeza mawe.

Yaliyotokea Masasi wengine wameyasimulia. Nyumba za wamisheni zilichomwa, bunduki zikaja kutoka pwani, na dawa haikufanya kazi. Mume wangu aliniambia kwamba jirani yake katika mstari alipigwa risasi ya mdomo wakati mdomo wenyewe umefunguka unaita maji. Yeye alipigwa ya nyonga. Alitambaa na kujikokota kutoka bondeni mpaka akapanda genge, sijui kwa nguvu gani, nikamkuta nyuma ya ghala letu anatafuna kitambaa ili asilie.

Huku juu wakubwa wetu wengi hawakuingia vitani, na sasa walitaka Mdachi aone kwamba hawakuingia. Likapita tangazo: aliyepigana atolewe, na nyumba itakayomficha ichomwe pamoja na chakula chake. Hayakuwa maneno ya kutishia watoto. Kule Chiungutwa walichoma ghala za mtama, na upepo ukatuletea harufu yake mpaka huku juu, harufu nzuri ya nafaka inayokaangwa. Watoto wa jirani waliinuka wakauliza nani anapika. Waliochelewa kutoka ndani walichomwa na mtama wao, na walionyoosha mikono walinyongwa mbele ya wake zao. Tulijua kitakachompata mume wangu akionekana, na tulijua kitakachotupata sisi.

Vichaka vya kwetu havipitiki. Mtu hupita kwa kukata, na akishapita vinajifunga. Ndani yake mjomba alikuwa na njia yake nyembamba ya kwenda kwenye mizinga, ambayo sisi watu wa nyumba moja tu tuliijua. Tulimpeleka mume wangu huko, tukamlaza pembeni ya uwazi ule wenye mizinga, ndani kabisa ya miti iliyosongamana, mahali ambapo mtu angeweza kusimama karibu kiasi cha kukutemea mate asikuone. Mama na mimi tulikaa naye. Mjomba alikuwa mtu wa kuja na kwenda, akituletea uji na habari.

Risasi ilikuwa bado ndani. Kidonda kilianza kunuka, halafu kikaanza kutoa maji, na hapo ndipo nyuki walipomgundua. Mjomba alikuwa ametoka muda mfupi tu. Nilifunua kitambaa nikawakuta wamejipanga kwenye kingo za kidonda, wanafyonza. Yule mtu aliyeogopa nyuki kuliko bunduki hakuweza hata kujipindua. Alipiga ukelele, na ukelele ndicho kitu ambacho hatukuweza kumruhusu. Nilimziba mdomo kwa kiganja, akaning'ata mpaka nikatoka damu. Tulipambana pale chini kama watu wanaochukiana, huku nyuki wakimuuma na kuniuma.

Mama hakupambana na mtu. Aliuchukua mtungi wetu mmoja uliokuwa na ufa, akayahamishia maji yake kwenye kibuyu, akaupiga kwa jiwe. Akachagua kipande kikubwa, akakitia maji, akapanga vijiti, akakiweka kwenye ule uwazi chini ya mizinga. Haukupita muda mrefu nyuki walihamia huko wote. Kidonda kikabaki kitupu, mume wangu akalala, na mimi nikambusu mama mkono.

Hakuna kati yetu aliyewaza zaidi ya hapo. Mtu wa mahali penye mito asingeweza kufanya kosa lile, maana asingekuwa na desturi yenyewe. Sisi tulijificha vilevile tulivyoishi, pamoja na kata ya kwanza ya nyuki.

Mjomba hakurudi. Tulidhani anajihadhari, kumbe askari walimkamata njiani na chungu cha uji na asali ya mgonjwa. Wakamuuliza uji ni wa nani, akasema ni wake, alikuwa anakwenda kurina asali. Wakamlaza chini. Sisi hatukujua. Tulichojua ni kwamba chakula kimekwisha, na maji yamebaki kidogo kwenye kibuyu, na mama kila alipokigusa alianza na kigae.

Asubuhi ile jua lilikuwa limeshapanda niliposikia mnyororo. Walitokea kwenye uwazi, ombasha, mkubwa wao, mbele, askari wachache nyuma, na katikati yao mjomba, mnyororo shingoni. Mgongo wake haukuwa na ngozi. Baadaye nilielewa alichokuwa akifanya: njia yake walikuwa wameshaiona, kwa hiyo aliwaleta mwenyewe ili njia iwe na sababu yake.

"Hii ndiyo mizinga yangu," alisema. "Niliwaambia. Hakuna kingine huku."

Ombasha alitazama juu, akatazama vichaka, akajipiga kofi shingoni kuua nyuki. Alikuwa amechoka na jua. Nilimwona anageuka kuondoka, nakuapia nilimwona, na moyo wangu ukaanza kushuka mahali pake.

Lakini askari mmoja alikuwa bado anatazama juu.

"Mzee," alisema, "umechonga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kazi nzuri. Mimi kwetu Unyamwezi, nimezaliwa chini ya mizinga. Kule ungeitwa fundi." Akawafuata kwa macho nyuki waliokuwa wakitoka mzingani. "Sasa nieleze, nyuki wako maji wanayapata wapi?"

Niliona shingo ya mjomba ikisimama ndani ya mnyororo. Nilijua wakati uleule ameona nini, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kuona. Nyuki anayekwenda mauani hukawia, na akirudi miguu yake ina unga wa maua. Wale hawakuwa na unga. Walitoka mzingani, wakapita chini chini kwa mstari mmoja, na papo hapo wakarudi wazito. Huku kwetu, wakati wa kiangazi, nyuki akirudi mzito papo hapo maana yake ni moja tu: yuko mtu karibu aliyebeba maji kichwani kutoka bondeni. Mjomba hakuwa na habari ya kigae. Aliwaleta askari mpaka miguuni petu akiamini hakuna cha kuonekana.

Yule Mnyamwezi alitembea polepole, kiganja juu ya macho, akiufuata ule mstari. Alichuchumaa mbele ya kigae. Kijiti kimoja kilikuwa kimeanguka ndani ya maji. Alikiokota akakirudisha mahali pake.

"Ombasha," aliita. "Hapa pana mtu."

Nilikuwa nimemziba mume wangu mdomo kwa mikono miwili. Mama alianza kuinuka. Nilimpitishia mguu mabegani nikamgandamiza chini, mama yangu mzazi, uso wake kwenye majani.

"Maji ni yangu," mjomba alisema kwa sauti kubwa. "Nilikuwa nimejificha hapa. Mimi ndiye niliyepigana Masasi."

Ombasha alicheka. "Jana ulikuwa mrina asali."

"Jana niliogopa."

"Tunayemtafuta ana risasi mwilini. Damu yake tuliifuata genge zima. Wewe yako iko wapi?"

"Bunduki si mnazo?" mjomba alisema. "Iwekeni mnapotaka."

Alisema kwa ile sauti yake ya kunigombeza mimi nikiacha kamba vumbini. Ombasha alimtazama. Nadhani alipiga hesabu ya lile jua, na vichaka vya kukata, na wale nyuki, na kwamba aliambiwa alete habari ya mtu mwenye risasi. Akainua bunduki akampiga ya kifua. Mjomba alikaa chini kwanza, akashika mnyororo kwa mkono mmoja, ndipo akalala ubavu. Mama aliuma mguu wangu. Sikuutoa.

"Maji haya ni ya leo, ombasha," yule Mnyamwezi alisema. "Huyu amekuwa kwenye mnyororo tangu juzi."

"Ulitaka mtu, umepata mtu. Funga domo lako." Ombasha alikipiga kigae teke, kikavunjika, na maji yakaingia mchangani. Kisha akawatukana wenzake kwa kuchelewa kuufungua mnyororo, kwa sababu mnyororo ulikuwa unahitajika kwingine.

Hawakuondoka hapo hapo. Askari walitaka asali. Yule Mnyamwezi aliufungua mkoba wa mjomba ambao walikuwa wamemnyang'anya, akatoa kienge, akakiwasha, akapanda. Nilimtazama kazi yake yote. Alifukiza kwa utaratibu, akakata masega ya pembeni tu, akayaacha ya katikati yenye majana, akakirudisha kifuniko na kukiziba. Asali ilidondoka kutoka mikononi mwake ikamwangukia mjomba aliyelala chini ya mti. Nilitafuta kosa katika kurina kwake, nikalikosa, na hilo liliniuma kuliko mambo mengi ya siku ile.

Aliposhuka alisimama ameelekea upande wetu, analamba vidole. Baadhi ya watu niliowasimulia husema alituona akatuhurumia. Labda. Mimi simshukuru. Kama alikuwa na huruma, angeiweka kwenye macho kabla hajaufuata ule mstari wa nyuki.

Walipokwenda zao na sauti ya mnyororo ikapotea, niliutoa mguu. Mama hakulia. Alitoka kwa magoti akaenda kwa kaka yake. Nyuki walikuwa wamezunguka mahali pa kigae, wakazunguka na kuzunguka, maji hakuna. Halafu wakamshukia mjomba. Walijaa mgongoni pale palipokosa ngozi, mdomoni, kwenye tundu la kifua, kwenye macho yaliyokuwa wazi. Walikuwa wanakunywa. Wengine wanaramba asali, wengine wanakunywa damu, na mama anawachota kwa mikono mitupu, wanamuuma mpaka vidole vinavimba, na kila akitoa kundi linakuja jingine.

"Lete maji!" aliniita. "Lete maji nimwoshe!"

Kibuyu kilikuwa na maji kiasi cha vikombe viwili, na hayo ndiyo maji yote tuliyokuwa nayo. Mume wangu alikuwa amefumba macho, midomo imepasuka. Nilipokishika kibuyu alifumbua macho akakitazama. Hakusema kitu, au alisema nami sikusikia, kwa sababu mama alikuwa ananiita kwa sauti ambayo sijapata kuisikia tena kwa mtu. Nikampelekea mama. Alimimina kidogo kwenye kipande cha kigae kilichobaki akakisogeza mbali, nyuki wakaanza kukifuata, na yaliyobaki akamwoshea kaka yake uso, macho, mdomo, kwa upindo wa nguo yake. Uso wa mjomba ulirudi kuwa uso wake.

Mimi nikachukua kibuyu kitupu nikateremka genge mchana kweupe, askari wako wapi sijui, sikujali. Nilianguka mara nyingi. Nilijaza nikapanda.

Niliporudi mume wangu alikuwa amekufa. Nimeolewa tena, nimezaa, na nimewauguza watu wengi tangu wakati huo, na naamini risasi na uozo wake ndivyo vilivyomuua, na kwamba maji yale yasingembakiza hai. Naamini hivyo siku nyingi. Siku nyingine naamka na hasira nawachukia wote, Mdachi, akida, ombasha, aliyeleta dawa, nyuki, mpaka kigae.

Mama alikuwa ameshaanza kaburi. Mchanga wa kwetu unachimbika kwa mikono, na mikono yake ilikuwa imevimba mpaka vidole havikunji. Nilipiga magoti upande wa pili nikaanza kuchimba naye. Mama ameshakufa siku nyingi, alikufa mzee, usingizini, ndiyo sababu naweza kuyaandika haya bila kumdhuru.

Aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Mwanangu. Kabla hujaniletea kile kibuyu, ulimnywesha mumeo?"

"Nilimnywesha, mama," nilisema. "Alikunywa mpaka akatosheka. Yale niliyokuletea ndiyo aliyobakiza."

Alitikisa kichwa kukubali, akaendelea kuchimba.